Aliyepaswa Kusimama Siku Ile Bungoma

Aliyemwacha yule swala nzohe akiwa bado amelala chini, kinyume cha kanuni ya chama, ni mimi niliyekuwa mwenyekiti. Si katibu wangu. Nalieleza hili mwanzoni kabisa kwa sababu kijitabu cha historia ya chama chetu, kilichonifikia hapa Kibomet, kando ya Kitale, nikiwa mstaafu mtulivu mwenye kuku na miparachichi, kinasema vinginevyo, na juu ya maneno hayo wamebandika picha yangu nikitabasamu.

Chama kilikuwa cha madaktari wa wanyamapori wa pande zetu za magharibi. Hatukuwa wengi; tulienea katika ukumbi mdogo wa kanisa na viti vikabaki. Mkutano mkuu ulifanyika mara moja kwa mwaka, mwaka huu Kitale, mwaka ujao Bungoma, nami nilikiongoza chama kwa vipindi viwili katika miaka ile ya elfu mbili, huku nikiwa bado mtumishi wa serikali. Wenzangu wa ofisini walinihurumia bure, wakidhani mikutano hiyo inachosha. Madaktari wa wanyamapori ni watu waliozoea kukadiria uzito wa kiumbe kwa jicho kabla ya kupima dawa ya usingizi, na mazoea hayo hawayaachi mlangoni. Mgeni wa heshima alipoinuka kutoa hotuba, safu ya nyuma ilianza kunong'ona.

"Tisini."

"Tisini gani? Na hiyo tumbo utaachia nani?"

"Toa koti kwanza, bana. Themanini na nane."

Nilikuwa nikigonga meza na kudai adabu. Nakiri kwamba wakati huo mimi pia nilikuwa nimeshakadiria, na kwamba aghalabu nilikaribia ukweli kuliko wao.

Katika jambo moja, hata hivyo, hatukuwa na mzaha. Mnyama akishapigwa sindano ya usingizi kwa bunduki, akatibiwa, akadungwa dawa ya kumwamsha, daktari haondoki mpaka amwone amesimama kwa miguu yake yote minne. Mnyama aliyeachwa katika lepe la usingizi anaweza kulalia upande mbaya akakosa pumzi, au kujiburura hadi majini akazama, au fisi akampitia. Kwa hiyo tulikuwa na daftari la kijani, na safu yake ya mwisho ilikuwa na maneno matatu tu: *Saa ya kusimama*. Kila mkutano mkuu ulifunguliwa kwa sala, kisha katibu akasoma daftari hilo mstari kwa mstari, nasi tukaitikia.

"Nyati dume, Mlima Elgon."

"Amesimama!"

"Mbawala jike, shamba la mahindi."

"Amesimama!"

Akina mama waliotupikia walidhani tunasoma zaburi. Ikitokea kwamba safu ya mwisho ni tupu, daktari aliyetia sahihi kwenye mstari huo husimama badala ya mnyama. Husimama mkutano mzima, mpaka habari zifike kwamba mnyama ameinuka au mpaka mwenyekiti afunge kikao. Desturi hiyo niliikuta, na nikaipenda. Niliwahi kumwona daktari mnene kuliko sote akisimama tangu asubuhi hadi alasiri kwa ajili ya nyani mmoja, na mwaka uliofuata hakuna safu iliyokuwa tupu.

Katibu wangu alikuwa daktari mwanamke, mzaliwa wa Bumula, mwenye mwandiko unaosomeka hata bila miwani. Alilenga shabaha vizuri kuliko mimi. Kipindi changu cha pili kilikuwa kinamalizika katika mkutano ule wa Bungoma, naye alikuwa ametangaza wazi kwamba anakitaka kiti changu. Alikistahili. Hesabu ya vichwa niliyoifanya kimya kimya ilionyesha kwamba angekipata kwa urahisi.

Asubuhi ya mkutano, askari wa wanyamapori alitupigia simu: nzohe amenaswa mguu na kitanzi cha waya, kwenye kinamasi nje ya Kitale. Nzohe ni swala wa majini, mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye tope. Tulikuwa tukielekea Bungoma na bunduki ilikuwa garini, basi tukapitia huko. Katibu alimpiga sindano moja tu. Mimi na askari tukamvuta kutoka ukingoni hadi kwenye nyasi kavu, na viatu nilivyovipaka rangi kwa ajili ya mkutano vikajaa matope. Katibu alimfunika macho, akaukata waya, akaosha kidonda, akadunga dawa ya kuamsha, akamwondolea kitambaa. Kisha tukangoja.

Nzohe aliinua kichwa, akatutazama kama mwananchi anavyomtazama karani aliyekwenda kunywa chai, akakilaza tena.

Niliangalia saa. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kufungua kikao kwa kuchelewa.

"Daktari, twende," nilisema.

"Mzee, hajasimama."

"Ameinua kichwa."

"Kichwa si miguu. Si ni wewe ulitufundisha hivyo?"

"Mkutano unaanza saa nne."

"Wataanza na chai. Kwani umewahi ona mtu wa Bungoma akikataa chai?"

"Daktari, hiyo ni amri ya mwenyekiti."

Hakubishana tena. Kwa kuwa ndiye aliyepiga sindano, aliandika mstari wake katika daftari, akatia sahihi, akafika kwenye safu ya mwisho na kufunga kalamu.

"Kitu sijaona, siandiki," alisema.

Tulimwagiza askari abaki pale na atupigie mara tu mnyama atakapoinuka. Tulifika Bungoma kabla ya saa nne kwa dakika tisa, nami nikaona fahari.

Sala ikasemwa. Katibu akasimama kusoma, sauti yake ile ile.

"Nzohe jike, kinamasini, Kitale."

Akanyamaza. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikosa nafasi ya kusema, lakini huo ungekuwa uongo wa pili. Nafasi nilikuwa nayo, na maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa pia na kiti cha mwenyekiti chenye mto, nilichokuwa nimekikalia kwa miaka mingi bila doa. Sikuinuka. Yeye alifunga daftari, na kwa kuwa alikuwa amesimama tayari, aliendelea kusimama tu.

"Karibu mkutanoni, Mama Nzohe!" alipaza sauti daktari mmoja aliyesoma naye. "Tukuletee nyasi?"

"Lete kuku," alijibu. "Nyasi baki nayo, naona imekufaa."

Watu walicheka hadi wapishi wakachungulia. Ndivyo siku ilivyokwenda. Aliandika kumbukumbu za kikao daftari likiwa limeegemezwa ukutani. Kila aliyetoa hoja ndefu alikatizwa na sauti kutoka nyuma: "Fupisha, kuna mnyama amesimama!" Wakati wa chakula aliweka sahani yake dirishani akala ugali huku akitazama barabara, akiwasalimu wapita njia kana kwamba dirisha ni lake. Mimi, kama mwenyekiti na mgeni kutoka Kitale, nililetewa firigisi ya kuku, heshima ya wanaume ambayo mtu wa kule haikatai. Niliila nikiwa nimeketi.

Baada ya chakula ukaja uchaguzi. Mwanachama mmoja wa siku nyingi, mtu mpole asiyemchukia yeyote, alinyoosha mkono.

"Mimi huyu mama nampenda sana," alisema. "Lakini jameni, tutapea chama mtu ameacha mnyama chini?"

Nilimtazama katibu. Hakunitazama. Alikuwa akiandika maneno hayo kwenye kumbukumbu, sawasawa kama yalivyosemwa, kwa mwandiko ule unaosomeka. Mikono ikainuliwa, nikaihesabu mwenyewe, na kiti kikaenda kwa mwingine.

Makofi hayajaisha, simu ya katibu ikalia. Askari alikuwa akipiga kelele kiasi kwamba safu ya kwanza ilimsikia bila simu.

"Daktari! Huyo mnyama alisimama kitambo! Gari yenu haikuwa imefika hata barabara! Amekanyaga chupa yangu ya chai akaenda zake. Ati network hakuna, mpaka sasa niko juu ya kichuguu!"

"Amesimama!" ukumbi mzima uliitikia, na katibu akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavua viatu, akacheka kuliko wote. Tulifunga kwa wimbo, na kwa wakati uliopangwa.

Mlangoni nilimwambia kwamba nitarekebisha kumbukumbu.

"Wacha tu, Mzee," alisema. "Kuku imeshuka vizuri hata na kusimama."

Niliacha. Mwaka uliofuata kumbukumbu zilisomwa zikathibitishwa, nami nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, mwanachama wa kawaida, nikibishana na jirani yangu kuhusu uzito wa mgeni wa heshima. Mwenyekiti mpya alikuwa mtu mwema na sina neno naye. Ila katibu hakugombea tena. Alisema kitu kimoja haombi mara mbili.

Na sasa kijitabu kimekuja, na kinaisimulia habari hiyo kama kichekesho: katibu wa wakati huo alikimbilia mkutano akamwacha mnyama chini, akakosa uongozi. Kitasomwa na wanafunzi. Kitawekwa maktaba. Nilimpigia simu katibu huko Bumula siku hiyo hiyo, nikamsomea aya nzima.

"Si ni kweli nilisimama?" aliuliza, akicheka.

"Kwa kosa langu."

Nilisikia kuku wake, naye bila shaka aliwasikia wangu.

"Basi waambie, Mzee," alisema. "Waambie vizuri. Na usisahau kuandika firigisi ulikula."

Nimeandika. Kwa hiyo naudai rasmi uongozi wa chama uifute aya hiyo na kuisahihisha kwa maneno yaliyo hapa juu. Mkutano mkuu ujao utafanyika Bungoma kwa mujibu wa zamu, na nadai mstari wa nzohe usomwe upya humo, safari hii chini ya jina langu. Daktari wa Bumula akae kiti cha mbele, chenye mto, na firigisi apewe yeye, wanaonung'unika wanung'unike. Mimi nitasimama tangu sala ya kufungua hadi wimbo wa kufunga, chakula kikiwamo, na magoti yangu yasitolewe kama udhuru na mtu yeyote. Nadai pia jibu la maandishi, lenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa chama, linalotaja bila kuzunguka ni nani aliyemwacha mnyama, ni nani aliyesimama badala yake, na ni nani aliyeketi akanyamaza.