Aliyekaa Mkekani Bila Msiba

Mwaka wa themanini na nne Xaveria, mama yake Herieli, alikuwa mtu wa kuchoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, hapana. Alfajiri yuko foleni ya duka la ushirika, mchana anampikia mgeni, jioni yuko shambani Sigino na jembe. Ukimwambia, "Mama Herieli, kaa basi upumzike," anakutazama kama umemtukana. Watu wa Nangara walisema ana bidii. Bidii gani! Mwanamke alikuwa anaogopa kukaa.

Na alikuwa na sababu. Masika yale mama yake alishikwa na ugonjwa wa kulala kitandani, akawa hanywi uji usio na sukari. Sukari, jamani! Wakati ule sukari tulikuwa tunaisikia redioni tu. Xaveria akaenda kupanga foleni siku mbili, akaweka jiwe lake la kushikia nafasi kwenye mstari kama wenzake, mgonjwa akamwachia jirani yake Jovita. Siku ya pili aliporudi na robo kilo, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Walizika upesi upesi, bila matanga, maana hakuna aliyekuwa na unga wa kulisha waombolezaji. Kesho yake Xaveria akarudi kwenye vibarua vyake vya siku zile. Swali moja lilimkwama kooni na hakuthubutu kumwuliza Jovita: mama aliniita? Kila akikaa kitako, swali linapanda. Basi akawa hakai.

Mgeni aliyempikia aliitwa Piyasena, mhandisi wa maji kutoka Sri Lanka, mtu mpole mwenye Kiswahili cha kitabuni. Xaveria alikuwa na wiki mbili tu kwake, na kila siku alimkuta ameshakaa mezani. Jumamosi moja lori la sukari halikuja, foleni ikavunjika, akafika kazini mapema. Akachungulia sebuleni. Yesu na Maria! Bwana yuko chini mkekani, peku, miguu ameikunja, macho ameyafumba, kimya kabisa. Na mezani kuna barua ya kwao iliyofika jana yake.

Mtu mzima amekaa mkekani asubuhi, hasemi, na barua imetoka nyumbani. Kwetu hapo huulizi tena. Xaveria akanyata mpaka uani, akamwambia Jovita, aliyekuwa akipita nje ya ua wa minyaa, "Bwana wangu kafiwa."

Jovita naye hakuwa mtu wa kulala na habari. Piyasena hajamaliza chai yake ya kwenye chupa, nyumba imejaa. Jovita na wanawake watatu, kila mmoja na bakuli la unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, unga ambao watoto wao walikuwa wanausubiri. Nyuma yao Mzee Shomari, mwenye duka lililobaki na viberiti na dawa ya mende. Wakasogeza viti ukutani, wakakaa chini. Piyasena, kwa adabu yake, akaacha chai akakaa nao.

"Pole sana, Bwana," alisema Shomari. "Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyetoka," alisema Piyasena. "Dada yangu amejifungua mtoto wa kike."

Wee! Macho yote yakamgeukia Xaveria mlangoni. Aibu ilimchoma mpaka akaropoka, "Sasa mkekani ulikuwa unafanya nini?"

Piyasena akaeleza kwamba ni desturi ya dini yake, dini ya Buddha. Kila asubuhi hukaa kimya, akafuata pumzi yake inavyoingia na kutoka.

"Unaomba nini?" aliuliza Shomari.

"Siombi kitu, Mzee."

"Unasubiri nini?"

"Sisubiri kitu."

Shomari akaguna. "Yaani wewe umejipangia foleni yako mwenyewe, na mwisho wake hakuna hata kipande cha sabuni. Faida yake nini?"

Wanawake wakacheka. Piyasena naye akacheka kidogo, kisha akatafuta maneno.

"Moyo wangu unakimbia kutwa," alisema. "Nikikaa, kile ninachokikimbia kinanifikia. Hasira, hofu, huzuni. Sikifukuzi. Nakitazama mpaka nikijue, na nikishakijua, hakinikimbizi tena kama zamani. Ndiyo faida yake."

Kisha akayaona mabakuli. Akawaomba wachukue unga wao, watoto wakale. Mkono hata mmoja haukunyooshwa. Unga uliopelekwa msibani kwetu haubebwi kurudi nao, ni kama kukiita kifo nyumbani. Wakabaki wanayatazama yale mabakuli, njaa wanayo na kuyagusa hawawezi.

"Yupo mama tuliyemzika kavu kavu, unga huu uwe wa matanga yake," alisema Jovita polepole. "Mama Herieli, njoo ukae."

"Nina sufuria motoni."

Moto wenyewe haujawashwa, na wote walijua. Jovita akasogea akamwachia nafasi. Xaveria alisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, halafu akakaa. Swali likapanda kama kawaida yake. Safari hii hakuinuka.

"Mama Ombeni," alimwambia Jovita. "Mama aliniita?"

Jovita akamgeukia.

"Alikuita," alisema. "Mara tatu. Macho yalikuwa hayaoni tena. Ningefanyaje, mwenzangu? Mara ya tatu nikaitika mimi. Abee, mama. Akaniuliza, umerudi? Nikamwambia nimerudi. Akanishika mkono huu, akatulia."

Xaveria akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Walikaa naye mpaka saa sita mchana.