Mabeseni Matatu ya Samaki wa Mawe

Mama niliyepanga chumba kwake hapa Kashikishi, ukingoni mwa ziwa, anauza samaki kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo. Yeye mwenyewe alivuka kutoka huko alipoolewa, nami nimezaliwa upande uleule, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Kazi yangu ya utafiti wa chuo kikuu tu ndiyo iliyomshangaza: kukata vipande vya mapezi ya samaki ambao hakuna anayewanunua.

Ni samaki wadogo, urefu wa kidole, wanaokaa kwenye mawe ya ukingoni na hawapendi kuvuka mchanga. Hilo la mchanga ndilo lililonileta. Samaki asipovuka kwenda ghuba ya pili, huzaliana na jirani zake tu, na watoto wake vivyo hivyo, vizazi kwa vizazi, mpaka vinasaba vyao, yaani ule urithi uliomo ndani ya kila chembe ya mwili, vinakuwa na alama zao wenyewe. Ukiwatazama kwa macho utasema ni samaki wamoja. Kwa ndani ni koo mbalimbali, na ukoo ukiisha hapa hakuna mahali pengine pa kuupata.

Nilimweleza hivyo shemeji yake mama, mdogo wa mumewe, mkuu wa kijiji kimoja upande wa Puta, aliyejifunza Kiswahili akifanya biashara Kongo. Ghuba yenye mawe mbele ya kijiji chake ilikuwa inakokotwa kwa nyavu za matundu madogo kama ya chandarua. Marehemu mume wa mama, mzaliwa wa hapo, alikuwa akizikataa nyavu hizo alipokuwa hai, na mama alitaka sana zikatazwe tena.

"Mulamu," mama alimwambia shemeji yake, "mukubwa yako angekuwa hai, angebafukuza zamani."

"Mukubwa yangu hakukuwa na batu ya kulisha. Alikuwa na weye tu, na weye unajilisha." Akacheka, kisha akanigeukia. "Bon. Unionyeshe kama hawa samaki ni ba hapa tu, hapana ba kwingine. Pale mi nafunga. Bila kitu ya kuonyesha, vijana batanicheka."

Basi mimi na mwenye mtumbwi tukavua kwenye ghuba tatu, ya kijiji hicho na mbili za jirani, kila ghuba na beseni lake, barafu juu. Tulipofika Kashikishi nikakuta chupa ya spiriti ya kuhifadhia mapezi imevuja njiani. Nikaenda boma, makao ya wilaya pale Nchelenge, kutafuta nyingine.

Niliporudi, mama alikuwa ameketi uani, mikono inang'aa magamba. Mabeseni yalikuwa bado matatu, yanapendeza kuyatazama. La kwanza lilikuwa na samaki wakubwa, la pili wa kati, la tatu wadogo.

"Nimekupangia, mwanangu. Uliacha bote ovyo, mukubwa na mutoto pamoja. Mutu ya Lubumbashi akiona vile anashusha bei."

Sokoni hapa hakuna mwanamke anayewaacha samaki bila kuwapanga. Mikono hufanya kazi hiyo yenyewe huku mdomo ukisimulia mambo mengine. Nilikaa kando yake nikamweleza polepole kwamba mimi niliwahitaji wapangwe kwa makwao, si kwa ukubwa. Aliyatazama mabeseni, akaifuta mikono kwenye kitenge.

"Basi nimeharibu ghuba ya bwana yangu."

"Hujaiharibu, mama. Kila samaki amebeba ukoo wake ndani. Tutawasoma maabara, watajitenga wenyewe. Kisha tutarudi kuvua wachache kila ghuba, tujue ukoo upi ni wa wapi. Tutachelewa tu."

Nilimwambia kweli. Ila huko Puta nyavu hazikuwa zikitungoja. Maabara iko mbali na foleni yake ni ndefu. Mvua ilikuja na marufuku ya uvuvi ya kila mwaka, ikaisha, ziwa likafunguliwa, wavuvi wakarudi na nyavu zilezile, na sisi bado tulikuwa hatujapata majibu.

Yalipokuja, samaki wa mama walikuwa wamejitenga kama nilivyomwambia, mafungu matatu wazi kabisa. Lakini fungu moja lilinitia hofu. Alama zake zilifanana mno, karibu kila samaki ndugu wa mwenzake. Ukiona hivyo, ujue ukoo mzima umebaki na mama wachache sana.

Tukarudi ziwani. Kwenye ghuba mbili za jirani tulipata samaki bila shida. Kwenye ghuba ya kijiji tuliweka mitego kwenye kila ufa wa mawe, leo, kesho na keshokutwa, ikatoka na konokono tu. Nilipeleka maabara wale niliowapata. Wakalingana na mafungu mawili. Lile la tatu, la ndugu watupu, halikulingana na samaki yeyote tuliyemvua safari hiyo.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwao. Tulijua kwa sababu hawakuwapo tena.

Nilienda na mama kumweleza mkuu wa kijiji. Safari hii hakutania. Aliuliza swali moja tu. "Donc, yaani balikuwa ba hapa?"

"Walikuwa wa hapa tu," nikasema.

Mama alikuwa anatazama maji. Mulamu wake alimwangalia kidogo, halafu akaita vijana na kuwaambia nyavu zitoke. Hakuna aliyecheka. Ghuba imefungwa mpaka leo.

Kila ziwa linapofunguliwa mimi huenda kutega tena pale kwenye mawe. Nikirudi, mama huwa uani na mabeseni yake. Siku hizi nikileta samaki, yeye huficha mikono chini ya kitenge, akauliza kwanza, "Hawa naweza?" Nami humwambia panga tu, mama, hawa ni wa kula. Hapo ndipo anapouliza la pili, la samaki wa ghuba ile, bila kuinua macho.

"Bamerudia?"

Nimeshamweleza, naye ameelewa kuliko wanafunzi wangu wengi, kwamba samaki wa mahali pamoja hana jamaa ng'ambo wa kurudi badala yake.

"Bado," namjibu.

"Bado," anasema naye, na anaanza na wakubwa.