Zamu ya Maduhu Kwenye Faili la Pamoja

Maduhu alikaa miaka kumi na saba kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kule pembeni ya Bulyanhulu, kabla hajaamua, akiwa na miaka arobaini na mmoja, kwenda kusoma maendeleo ya jamii katika chuo kimoja mjini Shinyanga. Wanafunzi wenzake walimwita Baba Mbuke, kwa jina la binti yake mkubwa, na walimwamkia shikamoo hata pale walipokuwa wanamcheka.

Na cha kumcheka kilikuwepo. Somo la stadi za kidijitali alishafeli mara moja. Akifeli tena, chuo basi, arudi zake shimoni. Safari hii alama zote zilikuwa kwenye kazi ya kundi. Watu wanne waandike kijitabu cha kuwafundisha wanakijiji kuwatambua matapeli wa kwenye simu, wote ndani ya faili moja la mtandaoni, na Madam Bernadina, mwalimu wao, angeona kila mmoja kaandika nini. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni.

Maduhu alipewa sehemu ya maneno matamu ya tapeli. Hapo nani angemshinda? Huyu ni mtu aliyewahi kuuziwa shaba kwa jina la dhahabu, na muuzaji akaapa kwa dini mbili. Aliandika kurasa mbili safi kwenye daftari, kwa mkono. Ila kwenye faili, mpaka Ijumaa mchana, hakukuwa na hata nukta yake.

Vumilia, kiongozi wa kundi, binti wa Katoro asiyejua kubembeleza mtu, alimfuata chumba cha kompyuta.

"Shikamoo, Baba Mbuke. Saa nane nafuta jina lako."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kila siku nakuja, nawakuta mmo."

"Tumo wapi?"

Maduhu alimwonyesha kwenye kioo. Majina ya wenzao wawili yalikuwa yanawaka na kuzima juu ya maandishi, kila moja na rangi yake: Kudra kijani, Sostenes nyekundu. "Hawa wako ndani. Duarani huingii mpaka shifti iliyomo itoke. Nimewasubiri siku tisa. Nyie watoto mnakaa sana chini."

Vumilia alifungua mdomo acheke, kicheko kikamkauka. Siku tisa walikuwa wakimwita mvivu kwenye kundi la WhatsApp, na yeye alikuwa amekaa hapa, kofia mapajani, akiwangojea kwa adabu zake zote.

"Humu hatugongani, baba. Ingia tu."

"Kuna mwenzangu aliingia tu," Maduhu alisema. "Jiwe alilolisukuma kwa mguu liliwakuta waliokuwa chini."

Hapo Vumilia hakubishana. Alitoa simu, akawaandikia wenzake neno moja. Jina la kijani likatoweka, kisha jekundu. Faili likabaki halina mtu, na saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Haya. Zamu yako."

Maduhu aliweka vidole kwenye vibonye, akaviondoa.

"Nini tena?"

Aliona aibu kusema, lakini alisema. "Duarani hashuki mtu peke yake. Lazima juu abaki mwenzako, ashike kamba."

Vumilia alishusha pumzi ndefu ya mtu ambaye hajala mchana. Akavuta kiti cha kompyuta ya jirani, akaingia kwenye faili, akasimamisha jina lake la bluu pale juu kabisa, kwenye kichwa cha habari, na hakuandika kitu.

"Nimeshika," alisema.

Maduhu akaanza kushuka, kidole kimoja kimoja, herufi baada ya herufi. Kila akimaliza aya aliuliza bila kugeuka, "Upo?" na Vumilia alijibu, "Nipo, baba." Kurasa mbili za daftari ziliisha zikiwa zimebaki dakika sita kufika saa kumi.

Alifuta jasho, akalitazama lile jina la bluu ambalo halikuwa limesogea hata kidogo.

"Mayu," alisema, "nivute."