Jua la Kuanikia

Barabara ya kwetu Mtambile ilipoanza kutanuliwa, kila mwenye duka aliota ghorofa, na mimi sikubaki nyuma. Nilitaka vyumba vya kupangisha juu ya duka langu la vitambaa. Mke wangu aliniuliza kama nimeshamwona mpangaji hata mmoja. Nikamwambia watakuja: walimu wapya, mafundi wa barabara, wafanyabiashara kutoka Unguja. Mwaka ule nilikuwa na jibu la kila kitu.

Duka na nyumba yetu ni jengo moja, na nyuma yake pana uwanja mpana usio na mwenyewe. Msimu wa karafuu ukifika, majirani wote hutandika majamvi yao pale wakaanika. Marehemu mama yangu naye alianika pale pale, na sare zangu zote za shule zilitoka kwenye jamvi lake. Karafuu haitaki mchezo. Ikikosa jua inavunda, inageuka nyeupe, na mnunuzi haiangalii mara mbili.

Msimu uliingia wakati kuta za ghorofa zimefika kimo cha madirisha. Nilikuwa nashinda juu na fundi, raha tele, nikitazama mpaka mashambani. Chini sikutazama. Kuanzia adhuhuri kivuli cha nyumba yangu kilikuwa kikilala uwanjani, na majirani walisogea na kusogea mpaka majamvi yakapandana.

Bibi wa nyumba ya pili, shoga yake marehemu mama, hakuja kulalamika. Alasiri moja nilishuka nikakuta jamvi lake limetandikwa mbele ya mlango wa duka, limejaa karafuu, na wateja wanaliruka kama mtaro. Hasira zikanipanda. Nikampa masalkheri kavu, nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, jua letu limehamia mlangoni kwako," alisema, huku akizigeuza karafuu kwa kiganja bila kuniangalia. "Mie n'nalifuata tu. Likiingia chumbani, n'tabisha hodi."

Wateja walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikereka, kwa sababu bibi yule nilikuwa nampenda na kwa sababu alikuwa na haki. Nikachuchumaa, nikachota karafuu mkononi. Nyingi zilikwisha anza kuwa nyeupe. Zilikuwa mafuta yake ya taa, unga wake na dawa zake za presha za mwaka mzima, na mimi ndiye niliyezifunika.

Asubuhi nilimwambia fundi asimamishe kazi. Alidhani nimefilisika, akanipa pole. Tukabomoa kuta za juu, tukabakisha kimo cha kiuno ili watoto wasianguke, na kivuli kikarudi nyuma. Mke wangu alipanda kuangalia, akasema sakafu nzuri ya zege kama ile, jua kutwa nzima, itakaaje bure. Jioni ile ile akawaambia majirani waliobanana uwanjani wapandishe majamvi.

Alichosahau, na mimi nikasahau, ni kwamba ngazi inapita ndani, sebuleni kwetu. Sasa kila msimu hodi zinaanza kabla sijanywa chai. Makochi yananuka karafuu, zulia limejaa makonyo, vile vijiti vya karafuu, na jioni watu hukaa juu wakichambua na kunisema, nami nawasikia vizuri sana. Nanung'unika kila siku. Siku mvua inapowazuia kuja, nyumba hainikaliki.

Msimu uliopita alisimama mkandarasi mmoja na gari lake. Alitaka vyumba vya wafanyakazi wake, mwaka mzima, na kodi angelipa mapema, hata kama vyumba bado vinajengwa. Nilianza kuzihesabu pesa kichwani, nisiseme uongo. Akainua uso, akauliza kama huko juu napangisha.

Kabla sijafungua mdomo, yule bibi alichungulia ukutani.

"Huku juu pamejaa, baba," alimjibu.

Mkandarasi akanigeukia mimi, mwenye nyumba. Nikamwambia ni kweli, pamejaa.