Makalio Yangu na Dainamo ya Baba Mkwe

Baba mkwe alipokufa alituachia pikipiki ya Kiingereza iliyomzidi mume wangu umri na, siku zingine, akili. Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four, nina mtoto mgongoni na meza ya samaki wa kukaanga Kaloleni. Kazi tuligawana. Mume wangu aliendesha mpaka Kendu Bay, nami nikakaa nyuma yake ili nikachague samaki, kwa sababu yeye samaki aliyekufa juzi humwona bado anapumua.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka betri ilipozeeka. Tukanunua mpya, na fundi wa mtaani akaifunga. Alipomaliza akajifuta mikono na kututangazia kwamba ametuokoa.

"Waya zilikuwa kinyume," akasema. "Nyekundu mtu ameifunga kwa bodi, kwa chuma chenyewe cha pikipiki. Nyeusi ndiyo inaenda bodi, kila mtu anajua. Nimerekebisha."

Tukamshukuru. Hata mimi, na masomo yangu, nilimshukuru.

Safari ya kwanza, kiboksi kilichokaa chini ya kiti, kile kinachopokea chaji kutoka kwa dainamo, kikatoa moshi kidogo wa adabu. Tukirudi, tulipofika Katito, injini ikakohoa na kuzima. Samaki waliingia Kaloleni wakinuka, na wateja wangu wakanipa pole huku wameshika pua. Betri ikapelekwa kuchajiwa, ikarudi imeshiba, na safari iliyofuata ikafia Ahero. Fundi akabadilisha kaboni za dainamo, vile vipande vinavyosuguana ndani yake. Ikafia Ahero tena, nadhani ilikuwa imepapenda.

Hapo ndipo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alipofika kutoka nyumbani kutusaidia. Hakuwa na spana. Alikuwa na maswali.

"Omera, ndugu yangu, hiki kiti alikuwa anakalia nani?" akamuuliza mume wangu.

"Baba."

"Na siku hizi nani anakikalia?"

Wote wawili wakanigeukia. Hawakunitazama uso.

Kwetu mke wa mtoto hakalii kiti cha baba mkwe. Hiyo ni heshima, na mimi sikuwahi kuikataa. Nyumbani kwao nilikaa kwenye mkeka mpaka miguu ikafa ganzi, na kile kiti chake cha mbao nilikizunguka kama mtu anayemkwepa mbwa mkali. Lakini miezi yote niliyopanda pikipiki hiyo, hakuna aliyeniambia kwamba kiti cha pikipiki nacho ni kiti. Walikumbuka dainamo ilipokataa. Kumbe makalio yangu yana uwezo wa kumaliza betri, na kwa miaka yote stima ilipopotea mtaani hakuna aliyekuja kuyauliza.

Shemeji akatoa uamuzi. Jumamosi pikipiki irudi nyumbani, iegeshwe karibu na kaburi la mzee. Mimi niende nayo, nikae kwa mama mkwe mpaka wazee wanitakase, ili chira, ile laana ya mtu aliyevunja mwiko, isimfikie mtoto.

"Na samaki wangu?" nikauliza.

"Samaki watangoja, shemeji."

Samaki. Kungoja. Na wenye meza za jirani, ambao walikuwa tayari wanapima nafasi yangu kwa macho, nao wangoje pia.

Ijumaa mchana fundi akaja kuthibitisha kwamba mashine yenyewe haina kasoro, yaani kasoro ni mimi. Nilikuwa mlangoni namnyonyesha mtoto. Akawasha taa kubwa. Juu ya taa kuna mita ndogo, na sindano yake ikalala upande wa jumlisha.

"Mnaona? Inachaji," akasema.

Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni tamu. "Nilisema. Ni kiti."

"Fundi," nikasema, "injini inanguruma?"

"Hapana, Mama. Imezima."

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Kwa hivyo dainamo imelala, taa inakula, na betri inashiba. Hiyo pikipiki usiiache hapo, ipeleke kanisani."

Mume wangu akacheka, kisha akaona uso wa kaka yake akaacha.

"Shemeji, haya ni mambo ya stima," kaka yake akaniambia.

"Ndiyo, shemeji. Nilifundishwa na walimu wawili, na mmoja hata hakuwa mlevi." Nikamhamisha mtoto titi. "Injini ikiwa imezima, nguvu ya taa inatoka kwa betri. Sindano inatakiwa iangukie upande wa kutoa. Kama inakwambia betri inaingiza, basi betri imefungwa kinyume."

"Kinyume ni vile niliikuta," fundi akasema.

"Basi Waingereza ndivyo walivyoitengeneza; uliikuta baada ya mzee kuendesha miaka yote na nyekundu yake kwa bodi. Yeye aliisukuma lini?"

Nitampa fundi haki yake, hakubishana. Akachukua spana.

Nikasogea nione. "Usiguse kiti," shemeji akasema. Nikanyoosha kidole tu, kutoka mbali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake nyoka.

Fundi akageuza betri, nyekundu kwa bodi. Akafungua kile kiboksi, na vidomo vya shaba ndani vilikuwa vimeungua vyeusi. Akavisugua kwa msasa. Akawasha taa, na sindano ikaanguka upande wa kutoa. Akapiga kiki, akaongeza mafuta, na sindano ikainuka polepole, ikapita katikati, ikaegemea upande wa kuingiza.

"Mzee amekusamehe," shemeji akaniambia.

"Upesi hivyo? Labda ni spana iliyoniombea."

Safari ya nyumbani ikafa bila mtu kuitangazia kifo. Lakini shemeji hakuweza kuondoka mikono mitupu, kwa hivyo akatoa sharti: nikipanda, nitandike leso, kiti kisinigundue. Jumamosi asubuhi nikatandika leso mbele yake, nikaikalia kwa heshima zote, tukaondoka.

Tulipopita Nyamasaria nikamwambia mume wangu asimame. Nikaivuta leso, nikamfunga nayo mtoto vizuri mgongoni, nikakaa juu ya kiti chenyewe.

Mume wangu aliinamia mita na kuitazama ile sindano, akingoja baba yake ajibu. Tulipofika Ahero bado alikuwa anaitazama, na bado ilikuwa inachaji.

"Tazama barabara," nikamwambia.