Aligonga milango 120, majibu yakabadilishwa njiani

Saa mbili asubuhi. Mwanamke mfupi mwenye mkoba begani na daftari kwapani anabisha hodi kwenye nyumba ya tatu upande wa kushoto. Anabisha mara tatu, anarudi nyuma hatua mbili ili anayefungua asishtuke, kisha anasubiri.

Mlango unafunguka nusu. Fundi viatu anatoa kichwa, mswaki mdomoni.

"Wewe tena, dada? Bado una uso wa kuja hapa?"

"Leo sikuulizi kitu, kaka. Nimekuja uangalie nilichoandika ulipokuwa unanijibu."

Anafungua daftari, anaweka kidole kwenye mstari. Mlango namba kumi na saba: Nesi. Fundi viatu anasoma, anautoa mswaki, anasoma tena.

"Sasa yale ya redioni yametoka wapi?"

"Hata mimi hicho ndicho ninachokitafuta."

Fundi viatu anafuta mkono kwenye kaptula, anachukua kalamu, anatia sahihi. Mwanamke anashukuru, anageukia mlango wa nyumba ya nne.

Mtaani wanamwita Bi Maswali. Ana miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, mke wa fundi wa kuchomelea mageti. Kwa miaka kumi na moja riziki yake imetokana na kugonga milango ya watu na kuwauliza mambo. Ameuliza habari za sabuni, dawa za mbu, mita za umeme na chanjo. Mbwa wamemng'ata mara mbili. Amewahi kumwagiwa maji ya kudekia na mama mmoja aliyedhani amemfuata mumewe.

"Kazi yenyewe haina utajiri," anasema. "Dodoso moja likikamilika, nalipwa hela isiyofika bei ya kilo ya sukari. Lakini nilikuwa nalala usingizi wangu wote, kwa sababu mtu akinipa neno lake, nalifikisha kama alivyolisema."

Sasa usingizi huo umeruka.

Miezi mitatu iliyopita, kampuni ya utafiti aliyokuwa akiifanyia kazi ilipewa jukumu la kuwauliza wanachama wa chama kimoja kikubwa wanamtaka nani awe mgombea wao wa urais. Waliojitokeza walikuwa wanne: waziri wa zamani, wakili, tajiri mwenye viwanda, na mwanamama aliyeanza maisha kama nesi wa wodi ya wazazi. Watu walikwishayaacha majina yao, wakawaita Waziri, Wakili, Tajiri na Nesi.

Mtaa mzima ulikuwa umegeuka wabashiri. Kwa kinyozi, Waziri alipewa nafasi kubwa kwa kuwa anawajua wajumbe mpaka majina ya watoto wao. Kwa mafundi gereji, Wakili alisemwa ana mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, ila hana watu. Tajiri walimcheka: "Ana helikopta, lakini kura hazipigwi angani." Nesi ndiye aliyewachanganya. Hakuwa na mabango, lakini kila penye wanawake watatu kulikuwa na mmoja aliyezalishwa naye, au dada yake.

Bi Maswali alipewa kata yake peke yake, milango mia na ishirini. Kila mlangoni alianza kwa maneno yaleyale, na hakuyasoma popote: "Jibu lako ni siri, na halitabadilishwa na mtu yeyote."

Majibu aliyaingiza kwenye kishikwambi cha kampuni. Lakini kwa kuwa mtandao una tabia ya kumtupa mtu njiani, aliyaandika na kwenye daftari pia, bila majina, namba za milango tu. Jioni ya siku ya sita alijumlisha. Nesi alikuwa na hamsini na wanne, Waziri thelathini na mmoja, Wakili kumi na saba, Tajiri tisa. Watu tisa walisema bado wanafikiri.

Wiki iliyofuata yuko jikoni anamenya viazi, redio ikasoma matokeo. Tajiri anaongoza nchi nzima kwa asilimia arobaini na nne. Nesi ana kumi na moja. Mtangazaji akaongeza, kama mtu anayetoa mfano mtamu, kwamba kuna kata moja ambako Tajiri amepata asilimia hamsini na nane na Nesi sita tu. Akaitaja. Ni kata ya Bi Maswali.

"Kisu kilinikata kidole, sikusikia," anasema. "Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikaenda kuchukua daftari, nikahesabu tena nimesimama, damu inadondoka sakafuni."

Siku tatu baadaye kamati ya chama ikatangaza kwamba, kwa kuzingatia utafiti huo, mtia nia yeyote aliye chini ya asilimia kumi na tano jina lake halitafika kwa wajumbe wa mkutano mkuu. Nesi akakatwa. Sababu iliyotolewa: wanachama hawamtaki.

Mtaani hawakuihukumu kampuni wala kamati. Walimhukumu yule waliyemwona kwa macho yao. Dukani alikokwenda kununua chumvi, mazungumzo yalikatika ghafla kama redio iliyoisha betri. Mama muuza mkaa, jirani yake wa miaka mingi, alimwambia bila kumtazama: "Mwenzetu, si ungetuambia tu kwamba jibu unalo tayari? Tungeendelea na kazi zetu."

"Hilo ndilo lililoniuma kuliko lote," anasema, na sauti inampanda. "Wamepika uongo wao ofisini kwenye kiyoyozi, halafu wakaupakia mgongoni kwangu niutembeze juani!"

Alikwenda kwa msimamizi wake. Kijana yule, mwenye tai na lugha laini, alimkaribisha kiti.

"Mama, zile ulizoleta ni takwimu mbichi," alimweleza. "Hazitolewi hivyohivyo. Lazima zipikwe kwanza."

"Kupika mpike, baba. Lakini mimi nimeleta kuku, mbona mezani pametengwa mbuzi?"

Msimamizi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimkumbusha mkataba wa kutunza siri. Kesho yake kishikwambi kilichukuliwa, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya kazi.

Nyumbani, mumewe alisikiliza hadithi yote akiwa bado na miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso. Hakufurahi. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa amemwagiza mageti mawili.

"Mke wangu, mwenye nguvu mpishe," alimwambia.

"Nimempisha miaka yote. Leo amepita juu ya mguu wangu."

Mume akala, akaenda kuoga. Aliporudi aliuliza swali moja tu: "Milango yote mia na ishirini unaikumbuka?"

Ndivyo ilivyoanza safari ya daftari. Kwa siku tisa Bi Maswali alirudi mlango kwa mlango, akimwonyesha kila mtu mstari wake na kumwomba, akipenda, athibitishe kwa sahihi. Kumi na mmoja walikuwa wamehama au hawakupatikana. Kumi na wawili walikataa, wengine kwa hofu ya kazi, na mmoja alimfungia mlango kabla hajamaliza salamu. Waliobaki, tisini na saba, walitia sahihi, na hakuna hata mmoja aliyesema kaandikwa sivyo.

Mlango namba arobaini na mbili ulimpa kazi. Aliyejibu mara ya kwanza alikuwa mke. Safari hii mume alikuwepo, kavaa kofia ya Tajiri, naye akachungulia daftari.

"Nesi? Kumbe miaka yote hii nalala na upinzani!"

"Kofia ni yako, baba," mkewe alimjibu huku akisaini. "Kichwa changu kiache."

Bi Maswali alilifikisha daftari kwenye kamati ya rufaa ya chama, mumewe akiwa nje amekalia boksi la zana. Ndani walikuwepo watu watano na meza ndefu. Mwenyekiti wa kamati alifunua kurasa mbili, akafunga.

"Bibi, una shahada ya takwimu?"

"Sina, mheshimiwa. Mimi hizo namba nimezihesabu kwa miguu."

"Nani amekutuma? Nesi?"

Hapo, anasema, ndipo hasira ilipomjaa mpaka machozi yakamtoka mbele za watu, jambo ambalo hakulitaka.

"Nikawaambia, mimi ni mwanachama wenu, kadi hii hapa. Na chaguo langu lilikuwa Waziri, tangu siku ya kwanza! Nesi simjui, sijawahi hata kumpa mkono. Sikuja hapa kwa ajili ya Nesi. Nimekuja kwa ajili ya fundi viatu, na mama muuza mkaa, na hawa wote niliowaahidi kwa mdomo wangu."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, karatasi yenye mistari mitatu. Malalamiko yamepokelewa, yamepitiwa, hayana mashiko. Kabla wino haujakauka, Nesi mwenyewe alisimama mbele ya waandishi wa habari, akasema ameukubali uamuzi kwa ajili ya umoja wa chama. Mkutano mkuu ukakutana, Tajiri akapita. Mageti ya mwenyekiti wa tawi yakapelekwa kwa fundi mwingine.

Alipoulizwa kama anajuta, Bi Maswali alimtazama mwandishi kama aliyesikia tusi.

"Nijutie nini? Waliodanganya wamepandishwa vyeo! Wao ndio wajute, kama wana cha kujutia nacho. Muuza mkaa alikuja mwenyewe hapa nyumbani, akakaa palepale ulipokaa wewe, akaniomba radhi. Hicho hawawezi kukipika."

Wasaili wengine saba kutoka kata nyingine, waliokuta namba zao nao zimegeuzwa, wameungana naye. Wanakutana sebuleni kwake kila Jumamosi. Mpango wao ni kufanya uchunguzi wao wenyewe: huduma za zahanati, maji, na uchaguzi mkuu ukikaribia, wagombea. Matokeo ya kila siku yataandikwa kwanza kwenye ubao utakaowekwa barabarani, namba ya mlango na jibu kwa wale tu wanaoridhia, kabla hayajakwenda kwingine kokote. Ubao wa bati umekwisha kuchomelewa. Mumewe aliutengeneza bila kuombwa, akaupaka rangi nyeusi mara mbili.

Hawana mfadhili, na Bi Maswali anasema hawatafuti wa haraka. Jumatatu wanaanza na nyumba thelathini. Dodoso lina maswali sita, na la kwanza ameliandika mwenyewe: "Je, umewahi kuulizwa jambo, kisha ukaonyeshwa jibu lako?"