Jiwe la Bidoni ya Pili

Kwa miaka mingi mimi, katekista, ndiye niliyeshika saa kwenye mashindano ya kuogelea ya parokia yetu, pale Keshero, ufukweni mwa ziwa mjini Goma. Nilisimama majini hadi magotini, na muogeleaji alipogusa kamba ya mwisho nilitaja dakika zake kwa sauti. Watu waliniamini. Mwaka jana kamati ilimpa kazi hiyo mwalimu mstaafu aliyehamia kutoka Bukavu, mwenzangu wa kwaya, kwa sababu simu yake iliweza kupima njia yote. Mimi nikapewa mtumbwi wa kulinda bidoni, yale madumu ya njano yanayoelea kuonyesha pa kugeukia.

Nilisema, "Mungu asifiwe." Lakini tangu siku hiyo hata sauti yake nzito ya kwaya, niliyokuwa nikiipenda, ilinichukiza.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, mimi na mwalimu tulikwenda kuzifunga bidoni nanga za kuzishika mahali pake. Kwa ile ya pili alichagua jiwe kubwa la volkano, limejaa matundu. Sisi tuliokaa Goma tunayajua mawe hayo: yanajaza mikono lakini ni mepesi, hayashiki chini. Ndiyo maana sisi hufunga mfuko wa mchanga.

"Papa, hii jiwe itatosha?" aliniuliza.

"Si wewe ndiye mukubwa wa njia sasa? Uliza simu yako."

Alicheka, akalifunga. Nilinyamaza. Nilitaka aibike mbele ya parokia nzima.

Kesho yake, baada ya misa, waogeleaji wakiwa tayari majini, niliikuta bidoni ya pili imesogea kuelekea ufukweni. Wote waligeuka mapema. Wa kwanza kufika alikuwa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye kwa miezi mingi alifanya mazoezi kabla ya kwenda sokoni. Aliyemaliza kilomita moja chini ya dakika ishirini na mbili angetumwa Bukavu kuogelea kwa niaba yetu.

"Vingt et une!" mwalimu alipaza sauti: dakika ishirini na moja. Vigelegele vikapigwa. Mama alikaa juu ya mawe akilia kwa furaha.

Nilifika na mtumbwi wangu. "Bidoni ya pili ilisogea," nikasema. "Njia ilikuwa fupi."

Mwalimu alipanda mtumbwi, akapima upya, akarudi ameinamisha kichwa. "Ni kosa yangu. Ile jiwe nilichagua mimi."

Ndiyo aibu niliyoingoja. Nakiri kwamba kwa dakika moja niliona raha. Kisha mama akanigeukia.

"Muzee, ulijua tangu lini?"

Sikuweza kumdanganya. "Tangu jana, alipolifunga."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, mama. Nilikuwa na wivu."

"Eh! Mukatekista wetu huyo!" mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka. Mama hakucheka.

Nafasi yake ya kwanza ilibaki, lakini dakika zilifutwa. Jumapili iliyofuata aliogelea tena peke yake. Safari hii mfuko wa mchanga niliufunga mimi, na njia ilikuwa kamili. Alizidisha zile dakika ishirini na mbili kwa sekunde kumi na nane. Hakwenda Bukavu.

Nilikuwa nimekwisha kuungama, na namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake kwangu. Lakini mama alipotoka majini alimshika mwalimu mkono, akamwambia, "Asante, papa, umenipimia vizuri." Mimi alinipita kimya. Na hata hapo, Mungu anirehemu, nilimwonea mwalimu wivu kwa ile asante.